Unataka Kuwa Daktari wa Meno Marekani? Namna ya Kuchagua Chuo cha Shahada ya Kwanza

Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi, njia ya udaktari wa meno huanzia pale sekondari inapoishia. Alama zikitosha unaomba, unadahiliwa, na Muhimbili, kwa mfano, unasoma miaka 5 na kutoka ukiwa daktari. Marekani kuna hatua ya kati. Unasoma kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, ndipo unaomba shule ya meno na kusoma miaka mingine 4. Shahada ya mwisho huitwa DDS au DMD kutegemea shule, na zote mbili zina hadhi ileile.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili katika miji ya Minneapolis, Columbus, Dallas na Seattle, na kule Portland ya Maine, hukutana na hatua hii ya kati bila mtu wa kuzielekeza, basi huchagua chuo kwa jina. Jina lina uzito mdogo sana mbele ya GPA (wastani wa alama zako chuoni, ambao juu kabisa ni 4.0), DAT (mtihani wa kuombea shule ya meno), barua za walimu na saa ulizokaa kliniki. Wanaopata nafasi ni zaidi kidogo ya nusu ya waombaji wote, na wastani wa GPA yao umekuwa ukizunguka 3.6. Kwa hiyo chuo kinachokufaa ni kile utakachopata alama za juu za sayansi kwa deni dogo, chini ya walimu watakaokufahamu, bila kupoteza haki yako ya ukaazi katika jimbo lenye shule ya meno.

Hatua ya 1: Anzia shule za meno, kisha rudi nyuma hadi chuo

Kabla ya kutazama chuo chochote, chagua shule za meno 8 hadi 10 ambazo ungeweza kuziomba. Fungua kurasa zao za udahili na uandike mambo matano kwa kila moja: masomo ya lazima na krediti zake (vipimo vya uzito wa somo), kama zinakubali masomo ya chuo cha jamii (komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili), kama zinakubali maabara za mtandaoni, msimamo wao kuhusu krediti za AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari), na wanadahili watu wa hadhi gani ya uhamiaji.

Kisha tazama ukaazi. Shule za meno za serikali za majimbo huwapa kipaumbele watu wa jimbo lao. Texas imeweka hilo kwenye sheria: angalau asilimia 90 ya wanaoingia shule zake za umma wawe wakaazi wa Texas. Ile ya Mississippi hupokea watu wa jimbo lake tu. Minnesota ina shule moja ya meno, ya University of Minnesota. Majimbo kama Montana na Wyoming hayana kabisa, na mtu wa huko hutegemea makubaliano na majimbo mengine au shule binafsi.

Mambo mawili huwachanganya wazazi hapa. La kwanza, kijana akienda kusoma shahada ya kwanza jimbo jingine, kwa kawaida hawi mkaazi wa huko. Akiwa bado anategemea wazazi, ukaazi wake hufuata walipo wazazi. La pili linatokana na hilohilo: mkihama Minnesota kwenda Ohio kijana akiwa mwaka wa pili chuoni, huenda akapoteza ukaazi wa Minnesota na kuhitaji muda, mara nyingi mwaka mzima, kabla ya kuhesabiwa mtu wa Ohio. Kama mnapanga kuhama, pangeni tarehe mkilijua hili.

Kuhusu uhamiaji, shule nyingi za umma hupokea raia na wenye kadi ya kijani tu. Shule kadhaa binafsi hupokea wenye viza ya mwanafunzi, lakini hudai uthibitisho wa fedha. Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa aiandikie ofisi ya udahili barua pepe aulize, na jibu alihifadhi. Ni afadhali kulijua jibu hilo ukiwa na miaka 17 kuliko 21.

Hatua ya 2: Hakikisha mnyororo wa kemia hautakatika

Hakuna fani maalumu ya kusomea ili uingie shule ya meno. Neno “pre-dental” kwenye tovuti ya chuo mara nyingi ni jina la ushauri tu, halimaanishi shahada. Unaweza kusoma biolojia, uhasibu au muziki, mradi umalize masomo ya lazima. Orodha ya kawaida ni hii, kwa krediti za muhula:

- Biolojia na maabara: 8
- Kemia ya jumla na maabara: 8
- Kemia ogania na maabara: 8
- Fizikia na maabara: 8
- Biokemia: 3
- Kiingereza, hasa uandishi: 6

Shule nyingi huongeza au kupendekeza mikrobiolojia, anatomia, fiziolojia na takwimu.

Ugumu hautokani na wingi wa masomo bali na mpangilio wake. Kemia ya jumla ya kwanza, kemia ya jumla ya pili, ogania ya kwanza, ogania ya pili, halafu biokemia: ni mihula mitano, na huwezi kuruka hata mmoja. Anayetaka kuingia shule ya meno mara tu baada ya shahada huomba majira ya joto mwishoni mwa mwaka wa tatu, na DAT huwa ameifanya kabla au karibu na wakati huo. Mtihani huo una maswali 100 ya sayansi kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, ogania 30. Fizikia haimo. Kwa hiyo ogania lazima iwe imekwisha mapema mwaka wa tatu, la sivyo utaingia kwenye mtihani na mada ambazo hujawahi kufundishwa.

Sasa chukua orodha hiyo uiulize kila chuo:

1. Je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuanza kemia ya jumla muhula wa kwanza kabisa? Vyuo vingi hudai kiwango fulani cha hisabati. Ukianguka jaribio la kupangiwa darasa ukarudishwa aljebra ya msingi, kemia inasogea muhula mmoja na mnyororo wote unasogea nayo.

2. Kemia ya jumla ya kwanza hutolewa mihula yote miwili, au vuli tu? Katika vyuo vidogo mara nyingi ni vuli tu. Ukijiondoa darasani mwezi wa kumi, unangoja mwaka mzima.

3. Wanafunzi wa mwaka wa pili hukosa nafasi kwenye ogania? Kwenye vyuo vikubwa madarasa hujaa saa chache baada ya usajili kufunguliwa, na wa mwaka wa juu hujisajili kwanza.

4. Chuo kinagawa mwaka kwa mihula miwili, au kwa vipindi vitatu vifupi viitwavyo robo? University of Washington, kwa mfano, hutumia robo. Krediti moja ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya muhula, hivyo krediti 12 za robo ndizo 8 za muhula. Anayesoma robo mbili za ogania kisha akahamia chuo cha mihula hujikuta na mwaka usiotimia, na mara nyingi hulazimika kurudia.

Chuo kisichoweza kukujibu maswali haya manne kwa barua pepe moja kitakusumbua zaidi ukishakuwa mwanafunzi wake.

Hatua ya 3: Elewa alama zako zitahesabiwaje

Maombi ya shule nyingi hupitia mfumo mmoja uitwao AADSAS. Shule za umma za Texas hutumia mfumo wao uitwao TMDSAS. Unatuma transkripti (rekodi rasmi za alama) za kila chuo ulichowahi kusoma, hata kama ulichukua somo moja tu, na mfumo unapiga hesabu upya kwa kanuni zake wenyewe.

Kanuni inayoumiza wengi ni ya kurudia somo. Chuo chako kinaweza kufuta F na kubakiza A uliyopata mara ya pili. AADSAS haifuti. Somo la krediti 4 lenye F, likarudiwa na kupata A, kwenye transkripti ya chuo linasomeka 4.0. Kwenye AADSAS ni krediti 8 zenye wastani wa 2.0. Basi sera ya chuo ya kufuta alama isiwe sababu ya kukichagua.

Kanuni ya pili inawahusu walio bado sekondari. Minnesota ina PSEO, Washington ina Running Start, Ohio ina College Credit Plus: mipango inayomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo bila ada. Ni neema kubwa kwa mfuko wa familia, lakini alama hizo ni za chuo na zitaonekana kwenye AADSAS miaka mingi baadaye. Tumeona vijana wenye bidii wakichukua kemia ya chuo wakiwa na miaka 16, wakapata C mbili, na GPA yao ya sayansi ikaanza safari ikichechemea. Ushauri wetu: tumia mipango hiyo kwa uandishi, historia, saikolojia na takwimu. Kemia na biolojia ziache hadi chuoni, isipokuwa una uhakika wa A.

AP nayo inahitaji uangalifu. Shule nyingine za meno huikubali endapo chuo kimeiandika kwenye transkripti kwa jina la somo na krediti zake, nyingine hazitaki kabisa kwa sayansi. Njia salama ni kutumia krediti ya AP kisha kusoma somo la juu zaidi la fani hiyohiyo, lenye maabara.

Hatua ya 4: Pima ukubwa wa darasa na ubora wa barua

AADSAS hupokea barua za mapendekezo zisizozidi 4. Mchanganyiko unaotakiwa na wengi ni walimu wawili wa sayansi na daktari wa meno mmoja. Mwalimu wa sayansi anayekukumbuka kwa jina hapatikani kirahisi katika ukumbi wa watu 300. Anayekufahamu ni yule aliyekufundisha darasa la watu 24, au aliyekuona maabara kila wiki kwa mwaka.

Hii haina maana kwamba chuo kikubwa hakifai. Kikubwa kina mihula mingi ya kemia, utafiti, na mara nyingine shule ya meno ndani ya kampasi. Ila ukikichagua, jua kwamba barua itabidi uitafute tangu mwaka wa pili: saa za ofisi za mwalimu, maabara ya utafiti, kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ulizia pia barua ya kamati. Baadhi ya vyuo vina kamati ya fani za afya inayoandika barua moja ya pamoja kwa kila mwombaji, na barua hiyo huhesabiwa kama moja kati ya zile 4. Uliza: je, inamwandikia kila anayeomba, au kuna GPA ya chini ambayo usipoifikia hawakuandikii? Hapo ndipo penye siri ya matangazo. Chuo kinachosema “asilimia 90 ya wanafunzi wetu huingia shule za meno” kinaweza kuwa kinawahesabu wale tu waliopitishwa na kamati. Waulize idadi kamili: mwaka jana waliomba wangapi, waliingia wangapi, na wangapi walianza mwaka wa kwanza wakisema wanataka udaktari wa meno. Namba ya mwisho ndiyo wasiyopenda kuitoa. Usichoke kuiuliza.

Mshauri wa chuo anayejua udaktari wa meno ni tofauti na anayejua utabibu wa binadamu. Mpime kwa swali moja: DAT siku hizi inatolewa kwa kipimo gani? Kuanzia Machi 2025 alama zake ni kati ya 200 na 600. Akikujibu kwa kile cha zamani cha 1 hadi 30, jua hajafuatilia.

Hatua ya 5: Tafuta kliniki zilizo karibu

Shule za meno zinataka kuona kwamba umekaa karibu na kiti cha mgonjwa na bado unaitaka kazi hii. Saa 100 za kumtazama daktari akifanya kazi ndicho kiwango kinachotajwa mara nyingi, na ni bora zigawanyike: daktari wa kawaida kwa sehemu kubwa, halafu wa watoto, wa upasuaji wa kinywa, na kliniki ya watu wasio na bima.

Basi fungua ramani. Je, kuna kliniki za meno unazoweza kufika kwa basi kutoka bwenini? Kuna shule ya meno mjini? Kuna tawi la wanafunzi wanaojiandaa na udaktari wa meno chini ya American Student Dental Association? Chuo kizuri kilicho katikati ya mashamba, kwa mtu asiye na gari, kitakulazimisha kukusanya saa zote wakati wa likizo. Inawezekana, ila uipange.

Anayezungumza Kiswahili ana nafasi ya pekee katika miji yenye wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Kliniki za jamii huko zinahitaji watu wa kuwapokea wagonjwa na kuwaelekeza, na kujitolea kwa namna hiyo kuna uzito kwenye maombi. Kutafsiri mazungumzo ya matibabu kwenyewe uachie waliofunzwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Hesabu deni la miaka minane, siyo ya minne

Hapa sheria imebadilika, na wazazi wengi bado wanapanga kwa hesabu za zamani. Kwa mkopaji mpya, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa shahada za juu uliokuwa ukifunika gharama zote, umeondolewa. Mikopo ya serikali kuu kwa mwanafunzi wa shule ya meno ina ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Shule kadhaa binafsi hutoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, kabla ya chakula na pango. Pengo lililobaki hujazwa na benki, na benki hutaka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Familia nyingi za wahamiaji hazina mtu wa namna hiyo.

Kila dola utakayokopa kwa shahada ya kwanza itakuja kukaa juu ya deni hilo. Ndiyo maana tunasisitiza: kati ya vyuo viwili vinavyolingana kwa masomo, chukua cha bei ndogo, hata kama kile kingine kinawafurahisha zaidi ndugu walio nyumbani.

Namna ya kulinganisha: jaza FAFSA (fomu ya kuomba misaada ya masomo ya serikali kuu) mapema, kisha ingia kwenye kikokotoo cha bei halisi kilicho kwenye tovuti ya kila chuo na uandike kiasi utakachobaki unalipa baada ya misaada. Usiangalie ada iliyotangazwa. Chuo binafsi cha dola 60,000 kinaweza kukugharimu kidogo kuliko cha serikali cha dola 30,000 endapo misaada yake ni mikubwa. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwaka 2025–26. Zidisha kiasi kinachobaki mara nne. Halafu weka akiba ya DAT, ambayo ada yake ni zaidi ya dola 500, na ya maombi yenyewe. DAT na AADSAS zote zina mipango ya kuwapunguzia wenye kipato kidogo.

Kukaa nyumbani kunaokoa fedha nyingi. Lakini kama kukaa nyumbani kunamaanisha kufanya kazi saa 30 kwa wiki hospitali au ghalani na kulea wadogo zako jioni, ogania itakushinda. Familia ikae chini ikubaliane mapema: mihula ile miwili ya ogania, kazi isizidi saa 15.

Chuo cha jamii kama mwanzo

Ni njia halali na ya busara kwa wengi. Tatizo hutokea kwa anayemaliza sayansi zote huko kisha akaenda chuo cha miaka minne kusoma masomo mepesi. Baadhi ya shule za meno hazitaki sayansi za chuo cha jamii, nyingine zinazikubali lakini zinataka kuona uthibitisho wa ngazi ya juu. Mpangilio unaofanya kazi: biolojia na kemia ya jumla chuo cha jamii, kisha ogania, biokemia na fiziolojia chuo cha miaka minne, huku alama zikipanda. Usihame katikati ya somo la mihula miwili. Ogania ya kwanza na ya pili zisomwe chuo kimoja.

Programu za pamoja

Vyuo vichache hukupa nafasi ya shule ya meno tangu ukiwa sekondari. University of the Pacific kule California ina njia ya miaka 2 ya chuo na 3 ya meno, kwa kuwa shule yake ya meno hufundisha kwa miaka 3. University of Detroit Mercy ina ya miaka 7, na NYU (New York University) ina ya miaka 3 ya chuo na 4 ya meno. Zinapunguza miaka na wasiwasi, lakini soma masharti kabla ya kufurahi: GPA gani ya kudumisha kila muhula, DAT ya kiwango gani, na je, ukiomba shule nyingine unapoteza nafasi yako? Kumbuka pia zote hizo tatu ni za binafsi na ada zao ni kubwa. Mtu wa Texas mwenye alama nzuri atafika kwa gharama ndogo zaidi kupitia chuo cha jimbo lake.

Howard iliyoko Washington, D.C. na Meharry iliyoko Nashville ni shule zenye historia ndefu ya kuwafunza madaktari wa meno Weusi, na mwanafunzi wa asili ya Afrika aziweke kwenye orodha ya hatua ya 1 bila kujali anasoma chuo gani.

Kwa anayefikiria kusomea Afrika Mashariki kisha kurudi

Njia ipo, lakini si ya mkato. Aliyehitimu udaktari wa meno Muhimbili au Nairobi akitaka leseni Marekani kwa kawaida hufanya INBDE, mtihani wa kitaifa wa leseni ya udaktari wa meno, kisha huomba programu za madaktari wa kigeni za miaka 2 hadi 3, zenye nafasi chache na ada ya juu. Na aliyesoma shahada ya kawaida ya sayansi huko nyumbani ajue kwamba shule nyingi za meno zitamtaka arudie masomo ya lazima katika chuo cha Marekani au Kanada.

Baada ya kukubaliwa

Tarehe ya kawaida ya kuthibitisha chuo ni 1 Mei. Ukishalipa amana, siku zinazofuata fanya haya: fanya marudio ya hisabati kabla ya jaribio la kupangiwa darasa, chagua siku ya mwanzo kabisa ya usajili, na jisajili kemia ya jumla pamoja na biolojia au somo moja jepesi, kulingana na alama zako za sekondari. Anayetoka sekondari isiyokuwa na maabara ya maana aanze na sayansi moja tu muhula wa kwanza. Halafu fungua jalada moja la faili kwenye kompyuta, na kila muhula uweke humo silabasi ya kila somo la sayansi, yenye jina la mwalimu, krediti, na mada za maabara. Miaka mitatu baadaye shule ya meno ikiuliza kama “Biolojia 211” yako ilikuwa na maabara, utakuwa na jibu la kuwatumia siku hiyohiyo.